Aliyekikung'uta Kitanda cha Serikali

Hakuna mtu aliye hai anayeijua nchi ile kuliko mimi. Nimeizunguka mpaka hadi mpaka, nimekula sahani moja na wakubwa wake, na haya nitakayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu mawili. Yaani, kwa macho yangu nimemwona mtu aliyeyaona. Siku hiyo miwani nilikuwa nimeisahau nyumbani, na yeye jicho lake moja lilikuwa limevimba halifunguki. Lakini hilo la pili lilikuwa jicho la mtu mkweli.

Jina la nchi silitaji. Sheria yao inasema kila anayelitaja lazima asimame wima, na mimi magoti yananiuma.

Basi nchi hiyo ilikuwa na amani nyingi kupita kiasi. Amani ilikuwa imezagaa hata hospitali zikakosa nafasi. Mtawala wao aliitwa Mlezi Mkuu. Siku moja Mlezi Mkuu alikuwa akihutubia juu ya uimara wa taifa, akamaliza, watu wakapiga makofi, akaketi. Kiti kikakatika mguu. Mlezi Mkuu akaenda chini kichwa mbele, miguu juu, mbele ya wageni wa nje. Walioiona soksi yake imetoboka kidoleni hawakuonekana tena.

Kesho yake redio ikatangaza kuwa kiti hakikuvunjika, kilihujumiwa. Mafundi seremala wote wa vichochoroni wakakusanywa uwanjani, wakapondwa vidole kwa nyundo zao wenyewe, ili Serikali isiingie hasara ya nyundo. Kisha askari wakapita nyumba hadi nyumba wakisaka vitanda, viti na vigoda vilivyotoka kwenye mikono ile. Kila samani waliyoikuta waliipiga mpaka ikakiri.

Ndivyo Siwatu alivyopoteza kitanda chake cha kamba. Aliolewa juu yake, akazalia juu yake, akauguzia homa zote juu yake. Askari wakakitoa uani, wakakipiga mateke, wakakikata kamba, wakakichoma moto. Mmoja akaandika kwamba mtuhumiwa alikufa bila kutoa ushirikiano.

Mumewe Siwatu, Pandu, alikuwa hapo hapo uani. Huyu Pandu alikuwa na sauti ya simba na moyo wa kifaranga. Barazani alikuwa amekwisha kuwapiga watu saba peke yake, na kila aliposimulia walizidi. Siku askari walipokichoma kitanda, Siwatu alimtafuta mumewe asimwone, mwisho akamkuta ndani ya pipa la maji, maji yamemfika kidevuni.

"Baba Mize, unafanya nini humo?"

"Nafukuza nzi," Pandu akajibu.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake la maisha. Ukimkuta mkono umo ndani ya kopo la sukari, anafukuza nzi. Ukimkuta anasinzia kwenye matanga, kafumba macho ili nzi wasimwingie. Siwatu alikuwa ameuzoea uongo ule kama mtu anavyouzoea mlango unaolia bawaba. Hakuuamini, lakini usingizi ulimjia.

*

Baada ya hapo Mlezi Mkuu akajenga Duka Kuu la Taifa la Samani na Amani. Lilikuwa duka kubwa, mtu akipiga chafya kwenye makochi, aliye kwenye makabati anamwombea afya wakati mwenyewe keshapona. Ikatangazwa kuwa yeyote atakaye kukalia kitu chochote nchini, akakinunue huko. Wengi walikwenda. Waliorudi walirudi na viti vizuri sana, ila hawakuweza kukaa.

Siwatu asingekwenda hata kwa dawa. Mkeka ulimtosha. Lakini mwanawe Mize alikuja nyumbani kwa mamaye kujifungua mimba ya kwanza, kama desturi. Alikuja na tumbo limemtangulia mlangoni, na akalazwa mkekani, na kila akitaka kugeuka ikabidi aitwe mtu huku na mtu huku, wamvingirishe kama gunia la mbata. Mkunga Bi Fatu akaja, akamshika tumbo, akatikisa kichwa.

"Mtoto keshashuka, yuko njiani," akasema. "Lakini mimi sizalishi mtu sakafuni. Umri wangu nikiinama siinuki. Nitamwinamia Mize, mtoto atoke, kisha mnitoe na mimi. Tafuteni kitanda leo. Mkikosa, mwiteni mwingine."

Mwingine hakuwapo. Wakunga wengine walikuwa ndani kwa kosa la kuzalisha watoto waliolia kabla ya wimbo wa taifa.

"Tunakwenda dukani," Siwatu akamwambia mumewe.

Pandu akakohoa. "Mimi naweza kukaa hapa nikamlinda Mize."

"Utamlinda na nini?"

"Na nzi."

Siwatu alisimama. Alijifunga kanga moja kiunoni, ya pili akaitupia begani, akamshika mumewe mkono. Wakaenda.

*

Mlangoni mwa duka palikuwa na bango kubwa la maandishi mekundu: NDANI YA DUKA HILI HAKUNA NZI, HAKUNA MENDE, HAKUNA MALALAMIKO. KWA AMRI. Chini ya bango palikuwa na milango miwili, wanaume kushoto, wanawake kulia, na kila mlango ulikuwa na askari wa kukaribisha. Kazi ya askari wa kukaribisha ilikuwa kumzaba kila mteja kofi moja la uso.

"La nini hilo, mwanangu?" Siwatu akauliza, huku shavu linamwaka.

"La kukaribisha, mama. Mteja akiingia hajapigwa, anakuwa na wasiwasi atapigwa saa ngapi. Sisi tunamwondolea wasiwasi."

"Ahsante."

"Karibu tena."

Upande wa pili Pandu alikuwa amepata mawili, kwa sababu la kwanza alilikwepa. Wakakutana ndani, kila mtu anashika shavu lake.

"Mama Mize," Pandu akanong'ona, "yule askari kanijua mimi ni nani. Angekuwa mwingine angempiga kwa nguvu."

Sakafuni palichorwa mishale myekundu, na yote ilielekea mbele. Mteja aliruhusiwa kuifuata tu. Kurudi nyuma lilikuwa kosa, maana taifa lilikuwa halirudi nyuma. Mbele yao bwana mmoja mnene, msafi, amejipaka mafuta ya nywele, akasimama ghafla akajipiga paji.

"Lo! Mke wangu nimemwacha kwenye makabati!"

Akageuka. Hajamaliza hatua, wauzaji wakamvamia kwa miguu ya meza. Walimpiga mgongoni, walimpiga kwenye ugoko, akaanguka, wakampiga alipoangukia. Mmoja wao, kijana wa sauti nzuri, aliwageukia wateja huku mkono unaendelea.

"Mnausikia mlio huo, mabibi na mabwana? Sikilizeni tena. Paa! Huo ni mvule halisi! Mbao laini hailii hivyo. Mbao laini ingekuwa imekwisha kupasuka, lakini hii, tazameni, anayepasuka ni mteja!"

Wateja wakapiga makofi. Mama mmoja akauliza kama miguu ile inauzwa minne minne au hata mmoja mmoja.

Siwatu akamshika Pandu kiwiko wakapita pembeni, wameinama, kama watu wanaopita mbele ya wanaosali. Nyuma yao bwana msafi alikuwa akikokotwa kuelekea mbele, kwa kufuata mishale.

*

Wakafika kwenye sebule za maonyesho. Zilikuwa vyumba vyenye kuta tatu, ndani yake kila kitu: kochi, zulia, taa, saa ya ukutani na watu. Watu hao walikuwa Familia za Mfano. Serikali iliziajiri zikae kwenye makochi zitabasamu, ili mteja aone raha ilivyo. Ziliajiriwa duka lilipofunguliwa na tangu siku ile hazijainuka, kwa sababu raha ya taifa haina likizo.

Siwatu alipotaka kupita kizingitini, mdomo ukamtangulia kwa mazoea.

"Hodi wenyewe!"

Mama wa Mfano akashtuka. Tabasamu lake likatetemeka, kisha machozi yakamchuruzika.

"Karibu, dada," akanong'ona. "Karibu ndani. Ewe Mola, muda gani sijapigiwa hodi! Watu wanaingia wananibonyeza kama mto."

Baba wa Mfano naye, bila kuacha kutabasamu, akasema kwa pembe ya mdomo, "Huyu si mke wangu. Wangu yuko kwenye sebule ya tatu, wamempa mume mwingine, mrefu. Mkimwona, mwambieni..."

Kutoka juu ya kabati, askari wa raha akamtupia mto wa kochi. Mto ulijazwa kokoto, kwa ajili ya kunyoosha migongo ya wananchi. Ukampata Baba wa Mfano kwenye taya, meno mawili yakaruka yakaangukia zuliani. Hakuacha kutabasamu. Sasa tabasamu lilikuwa limepata madirisha.

"Zulia hili," askari akaita kutoka juu, "halishiki damu! Futa uone!"

Pandu alikuwa amekwisha kutangulia vyumba vitatu mbele, anafuata mishale kama anafukuzwa nayo.

*

Upande wa vitanda ulikuwa kama uwanja. Vilijipanga safu kwa safu, mbao zinang'aa, magodoro yamevimba, mito imesimama kama masheha kwenye karamu. Siwatu aliusahau uchungu wa shavu. Alikiona kitanda kimoja cha mbao za mkongo, kina miguu minene ya kuchonga na ubao wa kichwani ulionakshiwa, kimo chake sawasawa na kiuno cha Bi Fatu. Akilini alimwona Mize amelala juu yake. Alimwona na mtoto.

"Hiki," akasema.

"Jaribu kwanza, mama," askari wa vitanda akamwamrisha. "Mteja hatoki dukani bila kulala kitandani na kusema 'Nimestarehe' kwa sauti ya kusikika. Ni amri. Panda."

Siwatu akavua viatu. Hapo sasa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa adabu tupu. Siwatu alikuwa amefunzwa na mamaye, naye mamaye alifunzwa na wake, kwamba mtu hapandi kitandani kabla hajakikung'uta. Huenda pana mdudu, huenda pana kijiti, huenda pana asiyeonekana kajinyoosha. Tangu alipoolewa hakuwahi kulala bila kukung'uta, wala Pandu hakulala bila kufanya hivyo hivyo, maana mwaka wa kwanza wa ndoa Siwatu alimkatalia upande wake mpaka alipojifunza.

Basi akaichukua kanga ya begani, akasema bismillahi, akakikung'uta kitanda. Pa! Pa! Pa!

Duka zima likanyamaza. Hata aliyekuwa akipigwa kwenye makabati aliacha kulia.

"Amekipiga," askari akasema. "Mwanamke amekipiga kitanda cha Serikali!"

Filimbi zikalia. Askari wakaja mbio kwa kufuata mishale, kwa hiyo wengine walilazimika kulizunguka duka zima. Wa kwanza kumfikia Siwatu alimpiga ngumi ya bega, wa pili akampiga teke la nyonga, wa tatu akateleza kwenye zulia lisiloshika damu akavunja pua yake mwenyewe, na hilo nalo likaandikwa kuwa kosa la Siwatu.

*

Akaja Mkurugenzi. Aliitwa Kanali Dumba, mtu mfupi, kifua mbele, kimejaa nishani zilizofanana sana na vishikio vya droo. Akapanda juu ya stuli ili awe mrefu.

"Wananchi!" akaanza. "Tuko katika kipindi kigumu. Mlezi wetu Mkuu, kwa jasho lake, ametupa samani. Samani haina mdomo. Haina mikono. Haina wakili. Inasimama kimya, inavumilia makalio ya kila aina, safi na yasiyo safi, wala haijapata kuandamana. Je, taifa hili lina raia gani mwema kuliko kiti? Leo mwanamke huyu, mbele ya macho ya watu, ameinua kitambaa akampiga kofi raia huyo mara tatu! Sheria ya Heshima ya Samani iko wazi. Atakayeipiga samani, samani hiyo itampiga yeye, kwa idadi ile ile. Nyanyueni kitanda!"

Askari wanne wakakinyanyua kitanda kwa miguu. Kilikuwa kizito, shingo zao zilitoka mishipa. Siwatu akakitazama kile kitanda alichokuwa akikitamani muda mfupi uliopita, sasa kiko juu ya kichwa chake. Akili yake haikwenda kwake mwenyewe. Ilikwenda kwa Mize. Nikifa hapa, akawaza, nani atamshika mkono mwanangu?

"Ngoja," Kanali Dumba akasema. "Tusivunje sheria. Mwanamke mwenye mume hapigwi kwanza. Mume ndiye kichwa cha nyumba, na sisi huanzia kichwani. Mama, una mume?"

"Ninaye," Siwatu akasema. "Yule pale."

Watu wote wakageuka. Pandu alikuwa amesogea mbali, kwenye safu ya stuli, ameishika moja anaigeuzageuza kwa makini makubwa, kama mtu anayechagua papai.

"Mimi?" akasema. "Mimi kapera, bwana mkubwa. Nimekuja kutazama stuli. Kapera anahitaji nini zaidi ya stuli?"

"Baba Mize!" Siwatu akaita.

"Baba Mize ndiye nani? Huyu mama ananifananisha. Pole, mama. Mtu akitishwa macho huingia kiwi."

"Pandu!"

"Jina hilo wanalo watu wengi," Pandu akamwambia Kanali. "Mjini hapa ukirusha jiwe utampata Pandu. Tena mimi mwanamke sijui hata anafananaje. Nalala peke yangu, najipikia mwenyewe, na nguo nafua mwenyewe."

Siwatu aliitazama kanzu ya mumewe, ambayo aliifua jana kwa mikono yake akaipiga pasi. Moyoni kitu kikamkatika kama kamba ya kitanda. Haukuwa uongo wa nzi huu. Lakini hakulia. Alizisikia pumzi za wale askari wanne chini ya uzito, akaona namna walivyotazamana, na akili ya mwanamke aliyewahi kugawa wali mdogo kwa wageni wengi ikaanza kufanya kazi.

*

"Haya," Kanali Dumba akasema, "hana mume. Mpigeni."

Hapo akajitokeza mkuu wa upande wa magodoro, mtu mpana mwenyewe kama godoro.

"Mheshimiwa, samahani. Kitanda hakikupigwa. Kilichopigwa ni godoro, liko juu. Aliyekosewa ni godoro letu, na mwanamke huyu apigwe na godoro."

"Na nini?" mkuu wa vitanda akaruka. "Godoro likae wapi bila kitanda? Godoro ni mgeni tu hapo! Kosa ni letu!"

"Mgeni nani? Sisi ndio tunaolaliwa! Nyie mbao mnajivunia nini?"

"Mama," Kanali akauliza, "kanga yako iliangukia wapi?"

Siwatu akainamisha kichwa, mpole kama maji mtungini.

"Wanangu, sitaki kuwadanganya. Moja liliangukia mbao. Moja godoro. Na la tatu, Mungu anajua, nadhani niliupata mto. Tena wa mto ndio uliosikika zaidi. Nilisikia mtu anasema mito ya hapa haina mwenyewe wa kuitetea."

"Nani kasema?" ikaunguruma sauti kutoka upande wa mito.

"Alikuwa amevaa kama huyu," Siwatu akasema, akamwonyesha mkuu wa magodoro kwa kidole kidogo kabisa.

Mto wa kokoto wa kwanza ukampata mkuu wa magodoro sikioni. Yeye akang'oa fimbo ya pazia akampasua nayo mtu wa mito kichwa, wa vitanda wakaingia na mbao za ubavuni, wa makabati wakaja na milango wakiitumia kama ngao, wa meza wakasema mvule ndio utakaoamua. Ilikuwa vita. Mtu mmoja alifungiwa ndani ya sanduku la nguo na sanduku likavingirishwa ngazini. Mwingine alipigwa droo tupu usoni, na alipolalamika akapigwa iliyojaa. Vioo vya meza za kujipambia vilivunjwa juu ya vichwa vya waliokuwa wakijitazama. Damu ilimwagika juu ya zulia lisiloshika damu, nalo likaishika. Na kijana yule wa sauti nzuri alisimama katikati, mkono mmoja umevunjika unaning'inia, bado ananadi: "Msikilizeni mninga! Sikilizeni! Huo ni mfupa, subirini, sasa, huo ndio mninga!"

Familia za Mfano ziliona mlango haulindwi. Zikainuka kwenye makochi kwa mara ya kwanza, magoti yakilia, na Baba wa Mfano akapita akimkimbiza yule mume mrefu wa sebule ya tatu, yeye na mguu wa taa mkononi, tabasamu liko pale pale.

Kanali Dumba alikuwa juu ya stuli akipiga kelele, "Umoja! Umoja na mshikamano!" Wale askari wanne walisikia amri lakini hawakuelewa ni ipi. Wawili wakaachia kitanda, wawili hawakuachia. Kitanda kikapinduka hewani kama samaki, kikashuka na ubao wake wa kichwani juu ya kichwa cha Mkurugenzi.

*

Palipotulia, waliosimama walikuwa wachache. Kanali Dumba alikaa sakafuni, nishani zimetawanyika, mdomo umevimba kama andazi, damu inamtoka puani inadondokea ubao wa kitanda wenye nakshi. Karani wa sheria akatambaa akaja, akamsomea sikioni.

"Samani iliyoonja damu ya kiongozi," Kanali akatamka kwa taabu, "haiuzwi. Hairudishwi ghalani. Itazoea. Inafukuzwa dukani siku hiyo hiyo, pamoja na mtu aliyeiponza. Kitoeni. Mtoeni na yeye."

Siwatu hakusubiri asikie mara ya pili. Aliinuka, nyonga inamwuma, akaushika ubavu wa kitanda. Kitanda kikamgomea. Akatazama askari. Wote walikuwa wanalalamika chini, kila mmoja ana lake lililovunjika.

Mlango wa kabati moja ukafunguka polepole. Pandu akatoka, kanzu haina hata doa.

"Mimi kapera," akawaambia watu, "lakini nina huruma. Huyu mama simjui, ila siwezi kumwacha mtu mzima anahangaika na mzigo. Nitamshikia upande mmoja."

Siwatu akaitazama ile kanzu isiyo na doa. Mize alikuwa akimsubiri. Bi Fatu alikuwa akimsubiri.

"Ahsante, kaka," akasema. "Mungu akupe mke."

"Amina," Pandu akajibu, macho chini.

Wakakibeba. Kitanda kikatoka mlangoni, miguu ya mbele ikakanyaga nje, Siwatu akaiona barabara ya kwao, akavuta pumzi. Ndipo Kanali Dumba akainua kidole.

"Wewe kapera! Umelala?"

"Nini, bwana mkubwa?"

"Mteja hatoki dukani bila kulala kitandani akasema 'Nimestarehe'. Mama amefukuzwa, si mteja tena. Wewe bado. Duka limevunjika, lakini amri haijavunjika. Pale kimebaki kimoja kizima. Kapande haraka, useme, uende."

Kilichobaki kilikuwa kitanda cha mninga, kipana, cha watu wawili na nafasi ya ugomvi kati yao. Pandu akaweka chini upande wake wa mzigo. Macho yake yalikuwa mlangoni. Akili yake ilikuwa barabarani. Alitaka kupanda, kusema na kukimbia, basi. Akavua viatu mbio mbio. Kichwa kilikuwa kina haraka, lakini mikono haikuwa na haraka, mikono ilikuwa nyumbani, ilikuwa imefunzwa mwaka wa kwanza wa ndoa. Ikapanda juu ikavua kofia. Mdomo ukasema bismillahi.

Pa! Pa!

Kofia ilikuwa juu kwa ya tatu alipousikia ukimya. Akageuza macho. Askari walioweza kukaa walikuwa wamekaa. Kanali Dumba alikuwa akiitazama ile kofia, halafu kanga ya Siwatu, halafu kofia tena. Mdomo uliovimba ulianza kucheka upande mmoja.

"Kapera," akasema kwa upole, "nani alikufunza kukung'uta hivyo?"

Pandu akadakia. "Sikukung'uta, bwana mkubwa. Nilikuwa nafukuza nzi."

Kanali akanyoosha kidole taratibu kuelekea kwenye bango la mlango wa kutokea, mwenzake lile la kuingilia: HAKUNA NZI. Kila mtu akalisoma, hata wasiojua kusoma.

"Mama," Kanali akamwuliza Siwatu, "unamjua mtu huyu?"

Siwatu alikuwa kizingitini, mkono juu ya kitanda cha mkongo, nusu chake tayari kiko nje. Akamtazama Pandu na kofia yake iliyoganda hewani.

"Simjui, bwana mkubwa," akasema. "Kapera huyo. Ila mtakapompiga, mpigeni kwa hicho hicho cha mninga, msimguse mikono, ana mzigo wa kubeba. Na hakikisheni kimeonja damu, japo ya pua tu, maana hata kapera ni kiongozi wa nyumba yake, ili kifukuzwe pamoja naye. Kwangu pana kitanda kimoja, naye mkewe akimpata leo, atamtafutia pa kulala peke yake."